Ngoma Kaichukua, Geti Kafunga: Staa wa Mbezi Beach na Deni la Mabibi wa Mdundiko

Jina kapuni kwanza, maana mjini hapa ukitaja jina mtu anakimbilia kwa mwanasheria kabla hajamaliza aya ya pili. Itoshe kusema ni staa, ni mkubwa, ana mjengo wake Mbezi Beach, upande wa baharini wa barabara ya Bagamoyo, kule kwenye mageti ya umeme na mbwa wanaokula vizuri kuliko mlinzi. Ngoma yake mpya inapigwa kila kona: saluni, kwenye bajaji, kwenye kitchen party, hadi daladala za Tegeta. Na kinachouma zaidi ni kwamba ngoma yenyewe ni kali. Hilo hakuna anayebisha.

Ubishi upo kwenye mstari mmoja mdogo, ule wa chini ya video, unaosema nani katunga. Pameandikwa jina la staa na jina la prodyuza wake. Basi. Redioni alipoulizwa biti imetoka wapi, akajibu kwa sauti ya kinyenyekevu kwamba ilimjia usiku, usingizini, kama ndoto. Mtangazaji akapiga makofi. Chawa wakaandika "genius" na vimoto vitano.

Mtu wa kwanza kushtuka hakuwa mchambuzi wa muziki. Ni bibi mmoja wa Mbagala, nyakanga wa miaka mingi, aliyeitwa kwenye kitchen party ukumbi mmoja hukohuko Mbezi Beach kuja kumfunda bi harusi mtarajiwa. Kikundi chao cha kina mama kilikuwa kimemaliza zamu yake, bibi yuko kwenye sahani ya pilau, DJ akaachia ngoma ya staa. Ukumbi mzima ukashuka chini. Bibi akaacha kutafuna.

"Hee! Hiki si kile chetu cha kumtolea mwali?"

Mjukuu wake, kijana anayewabebea ngoma na kuwaendeshea ukurasa wa YouTube, akamwambia, "Bibi, huo ni wimbo mpya wa fulani." Bibi akamtazama kama mtu aliyeambiwa kuwa jua limetungwa wiki iliyopita.

Kwa ambao hawakukulia uswahilini, somo fupi. Mdundiko ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na Pwani. Hupigwa mwali anapotolewa nje, na kwenye jando, na kwenye harusi. Sifa yake kubwa ni kwamba haikai sehemu moja, inatembea. Inaanzia nyumba yenye shughuli, inaingia mtaa wa pili, wa tatu, na kila kona inazoa watu. Ndiyo maana kuna kizazi kizima cha watoto wa Dar waliowahi kupotea kwa kufuata mdundiko. Mtoto katoka nyumbani saa tisa alasiri na kaptula na nusu ya muhogo, giza linaingia yuko mtaa asioujua, ngoma imeshaisha na waliokuwa wakicheza naye wameingia makwao. Mzazi yeyote wa Temeke au Magomeni anaijua stori hiyo, pengine kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa yeye.

Tuni ambayo staa "kaiota" ina sura mbili. Barabarani inapigwa na ngoma na makofi, na maneno yake ni machache, ya wazi, ya utani. Mengine yanatungwa palepale kumsema jirani mwenye husuda. Mtu yeyote anaweza kuitikia, hata konda aliyezuiwa na msafara. Lakini wakishaingia ndani, mlango ukafungwa, wamebaki wanawake watupu, tuni ileile inabadilika. Inapunguzwa mwendo, na inabeba maneno mengine ambayo ni fumbo la kumfunda binti. Hayaimbwi mbele ya wanaume wala watoto. Si kwamba ni matusi, ingawa mengine hayafai kusomwa na mama mkwe. Ni somo, na somo lina mahali pake na muda wake. Mwali hulipata akiwa amekaa ndani, na akitoka hana ruhusa ya kulitangaza.

Staa angechukua tuni ya barabarani peke yake, mjadala ungekuwa mfupi. Ya barabarani imeshazoea kuchukuliwa. Lakini kiitikio chake kimebeba nusu mstari wa yale maneno ya ndani. Staa hajui maana yake, na huo ndio uhakika pekee ambao kila nyakanga aliyesikiliza anakubaliana nao, kwa sababu angejua asingeuimba akiwa ameshika mkono wa mtoto wake kwenye video. Sasa hivi watoto wa chekechea wanaimba fumbo la unyago kwenye basi la shule. Walimu wanapiga makofi. Bibi wa Mbagala akisikia anajifunika khanga usoni.

Na ushahidi? Maana mashabiki wa staa wakisikia tuhuma wanadai ushahidi kama wako Kisutu. Upo, na haukutoka kwa mtu mwenye wivu. Kikundi cha bibi kina klipu moja ya dakika nne, mjukuu aliipandisha YouTube muda mrefu kabla ya wimbo wa staa kutoka. Ni klipu ya simu, picha inatikisika, chini ameweka namba ya kuwaitia kazi. Ndani yake kuna mwanamke anapiga vigelegele virefu vinavyokatika ghafla, na kuna mtoto analia nyuma. Ukisikiliza mwanzo wa wimbo wa staa, vigelegele vilevile vipo, vinakatika palepale. Mtoto kafutwa, lakini kafutwa vibaya. Vaa spika za masikioni, ongeza sauti, utamsikia mtoto wa Mbagala analia ndani ya ndoto ya staa wa Mbezi Beach.

Maana yake prodyuza hakusumbuka hata kuita wapigaji. Alishusha klipu, akakata ngoma za kina mama, akaziweka chini ya kinanda, akachaji kazi yake.

Hapa ndipo habari inapoacha kuwa ubuyu na kuwa dhuluma. Wimbo ukishakabidhiwa kwa kampuni ya usambazaji, kampuni inaupeleka YouTube pamoja na alama yake ya sauti. Mashine ya YouTube, ile inayoitwa Content ID, inachukua alama hiyo na kuilinganisha na kila video iliyopo, mpya na za zamani. Mashine haina bibi. Haijui Mbagala wala haijui nani alitangulia. Inajua tu nani kasajili. Ikasikia ngoma za kina mama ndani ya wimbo wa staa, ikazisikia tena kwenye klipu ya kina mama, ikaamua kwamba kina mama ndio wamemwibia staa.

Mjukuu akaamka asubuhi akakuta taarifa kwamba klipu ya bibi ina mali ya mtu mwingine. Siku chache baadaye, kwenye ukurasa wao wa mtandao mwingine, klipu hiyohiyo ikazimwa sauti. Wanawake wanacheza kimya, mikono inapiga ngoma isiyotoa mlio, kama filamu ya zamani. Na ile klipu ndiyo tangazo lao. Mteja wa kitchen party anataka kuona na kusikia kabla hajalipa arubuni. Akikuta kikundi bubu, anasogeza kidole, anaita kikundi kingine, au anaamua DJ atatosha. Na DJ atapiga nini? Atapiga wimbo wa staa.

Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya, mashine imekosea, staa hahusiki. Sawa, angalau mara ya kwanza. Mjukuu aliandika barua pepe kwa menejimenti, kwa adabu zote, ameanza na shikamoo. Akaweka kiungo cha klipu na tarehe ilipopandishwa. Jibu lilikuja, sentensi mbili: kazi zote za msanii zimesajiliwa kihalali, na akiendelea kusumbua atachukuliwa hatua. Baada ya hapo hakuna tena wa kusingizia mashine.

Halafu kuna suala la geti. Msimu wa likizo, kabla ya wimbo kutoka, msafara wa mdundiko ulipita mtaa wa staa. Mbezi Beach si mageti matupu. Kunduchi, Kawe na Mbezi ya juu kuna familia za wenyeji zilizokuwepo kabla ya mtu yeyote kujua kusema "beach plot". Kulikuwa na mwali anatolewa. Staa akatoka barazani na simu, akajirekodi akiwa amekunja uso, akalalamika kwamba amehamia huku kukimbia kelele za uswahilini na sasa zimemfuata. Video ilikaa masaa 24 kisha ikayeyuka, ila watu walishaihifadhi. Majirani wawili wakaunga mkono, mmoja akapiga simu serikali ya mtaa. Msafara ukageuzwa. Mwali akarudishwa kwa njia ya nyuma kama mzigo wa magendo.

Kwa hiyo mdundiko ukipita na wenyewe ni kelele. Ukipita kwenye spika za milioni kadhaa, bila wenyewe, ni utamaduni.

Chawa wana majibu yao. La kwanza, ambalo linarudiwa hadi linachosha, ni kwamba ngoma za asili hazina mwenyewe. Hili lisikilizwe vizuri kwa sababu ndilo linalowachanganya hata watu wenye akili. Ni kweli hakuna mtu mmoja anayeweza kusimama akasema tuni ile ni yangu, niliitunga Jumanne. Bibi mwenyewe hasemi hivyo. Anasema aliipokea kwa somo wake, naye somo wake aliipokea Kisarawe. Na ukimkamata vizuri atakubali kwamba hata kikundi chao si malaika, wameshachomeka humo vipande vya taarabu walivyosikia redioni, na miaka ile ya mchiriku walikuwa wanaigiza vinanda vya Casio kwa midomo. Ndivyo ngoma za mji huu zinavyoishi. Mchiriku ulizaliwa na ngoma za namna hii, vijana wakatia kinanda kidogo cha betri na spika mbovu. Singeli ikatoka humohumo Manzese, Tandale na Mburahati, ikaongezewa kasi mpaka moyo ukaomba poo. Kuazima si kosa. Dar nzima ni azima.

Lakini kama haina mwenyewe, staa kaisajili kwa jina lake kwa kigezo gani? Hilo ndilo swali ambalo chawa hawalijibu. Haiwezekani ikawa haina mwenyewe asubuhi wakati wa kuichukua, halafu jioni wakati wa kugawana mkwanja ikawa na mwenyewe mmoja tu, na huyo mmoja anaishi Mbezi Beach. Kisima cha kijiji hakina mwenyewe, ni kweli. Anayekuja na kufuli akakifunga, kisha akawauzia maji waliokichimba, hajaazima maji.

Dunia imeshalifanyia kazi jambo hili, na si mbali wala si siri. Kuna wimbo wa jadi wa Ireland, Whiskey in the Jar, umeimbwa baa na vijijini huko kwa vizazi. Mwaka 1972 bendi ya Thin Lizzy ya Dublin waliurekodi kwa magitaa ya umeme ukawa mkubwa. Mwaka 1998 Metallica wa Marekani wakaurekodi tena kwa nguvu zaidi, na mwaka 2000 ukawapa tuzo ya Grammy. Metallica, watu wenye hela ya kununua mtaa mzima. Lakini angalia kasha la santuri: sehemu ya mtunzi pameandikwa kwamba ni wimbo wa jadi. Thin Lizzy waliandika wa jadi, mpangilio wao. Wapiga fidla wa Ireland wakikaa baa kupiga jigi na rili za mababu wanaendelea kupiga vilevile, na hakuna anayeamka asubuhi akakuta Metallica wamemzimia sauti. Neno moja tu, "jadi", linaacha mlango wazi kwa kila mtu. Wala halikumpunguzia Metallica hata senti ya heshima.

Upande wa pili wa mizani uko Afrika, na unatia uchungu. Solomon Linda, Mzulu, mwaka 1939 alirekodi Mbube jijini Johannesburg. Akalipwa shilingi 10. Wimbo ukavuka bahari, ukageuka The Lion Sleeps Tonight, The Tokens wakaufikisha namba moja Marekani mwaka 1961, baadaye ukaingia kwenye The Lion King. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara, na binti zake Soweto walisubiri hadi mwaka 2006 kupata makubaliano ya malipo. Hapo alikuwepo mtunzi mmoja, ana jina, ana rekodi studio, na bado ilichukua miaka 67. Sasa bibi wa Mbagala, mwenye klipu ya simu inayotikisika, atasubiri mpaka lini?

Na wala haihitajiki kwenda Dublin wala Soweto. Hapahapa Bongo kuna mifano ya watu kufanya jambo hili kiungwana. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipoachia Salome, hata mtoto alijua kwamba chimbuko ni Maria Salome ya Saida Karoli, mwanamke wa Bukoba aliyezitoa ngoma za Kihaya zikachezwa nchi nzima. Jina lake lilitajwa kila mahali, na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wake walimtafuta wakamsikiliza. Offside Trick wa Zanzibar walipofanya Ahmada hawakuigiza sauti ya Bi Kidude, walimweka Bi Kidude mwenyewe ndani ya wimbo. Bibi wa unyago na msondo, amesimama katikati ya vijana, sauti yake, sura yake, jina lake. Jagwa Music wa Mwananyamala walipotoa Bongo Hotheads mwaka 2012 huko Ulaya, waliotoka kwenye kasha ni wenyewe wa mchiriku. Vijana wa studio ya Sisso Mburahati, mwaka 2017 singeli yao ilipotolewa na lebo ya Kampala, majina yao yalikwenda nayo. Inawezekana. Imeshafanyika na hakuna aliyefilisika.

Jibu la pili la chawa: staa anautangaza utamaduni, mabibi wangeshukuru. Hebu. Utamaduni gani umetangazwa? Kwenye video hakuna neno mdundiko. Hakuna neno Mzaramo. Kuna warembo kumi wamevaa khanga za kukata, ufukwe, ndinga mbili za kukodi, na prodyuza ameshika fimbo ya kuchezea gofu. Anayeangalia akiwa Nairobi au Muscat anaondoka akiamini staa amebuni mdundo mpya. Kutangaza ni kutaja. Usipotaja hujatangaza, umeficha kwenye mwanga.

La tatu ni la kisheria, na linatoka kwa wale wachache waliosoma. Wanasema kuazima kutoka kwenye jadi ili kutunga kazi mpya kunaruhusiwa. Hapa wana pointi, wapewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na ndani yake kuna sehemu nzima ya kulinda sanaa za jadi. Chimbuko la sheria za aina hii ni mfano uliotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982, na mfano ule kweli unamwachia msanii nafasi ya kuazima ili atunge chake. Ila mfano huohuo unataka sanaa ya jadi inapofikishwa kwa umma ikiwa bado inatambulika, itajwe jamii au mahali ilikotoka. Haya, watu wa sheria wabishane kama wimbo wa staa ni kazi mpya au ni sanaa ya jadi iliyopakwa rangi. Bibi aliitambua akiwa na pilau mdomoni.

Na hata akishinda ubishi huo, bado kuna ngoma zenyewe, zile zilizokatwa kwenye klipu. Tuni inaweza kuwa ya jadi, lakini mikono iliyopiga siku ile ina wenyewe, wako hai, wana namba ya simu chini ya video. Kurekodi kwa mtu si jadi. Kumchukulia mtu rekodi yake bila ruhusa kuna jina fupi tu la Kiswahili, na halihitaji mwanasheria.

Kuna watu wanauliza kwa nini kelele yote hii kwa wimbo mmoja. Labda kwa sababu ya mahali. Mbezi Beach ya leo, yenye Africana, Tangi Bovu, supamaketi na foleni ya jioni, ilikuwa mashamba na minazi ya watu kabla haijawa viwanja. Wenyeji waliuza, wengi wao kwa bei ambayo wajukuu wao wakiisikia wanakaa chini. Lakini angalau kiwanja kilikuwa na karatasi. Mnunuzi alifika, mjumbe akaitwa, mashahidi wakatia saini, hela ikahesabiwa mezani, hata kama ilikuwa ndogo. Jina la muuzaji lipo kwenye ile karatasi mpaka leo, limekunjwa kabatini. Tuni imeondoka bila hata soda. Aliyenunua ardhi alimkuta mwenyeji akiwa na pa kuhamia, akasogea Mbagala, akasogea Chamazi, akabeba ngoma yake kichwani. Sasa ngoma nayo imefuatwa hukohuko.

Kinachodaiwa si kikubwa, na ndiyo maana ukimya wa staa unashangaza. Hakuna aliyesema wimbo ufutwe. Mabibi wenyewe wakiusikia wanatikisa mabega, hawawezi kujizuia, ni kizuri. Kwanza, kampuni yake ya usambazaji iondoe dai kwenye klipu ya kina mama. Ni ujumbe mmoja wa barua pepe, prodyuza anaweza kuutuma akiwa kwenye foleni ya Mwenge. Pili, pale chini paandikwe: ngoma ya asili ya Wazaramo, mashairi mapya na mpangilio, fulani na fulani. Herufi hazizidi za maelezo ya miwani aliyovaa kwenye video, ambayo duka lake limetajwa mara mbili. Tatu, waliopiga walipwe kama wapigaji wa studio wanavyolipwa, na ule nusu mstari wa ndani utolewe kwenye kiitikio. Kiitikio kitasimama bila huo. Prodyuza mwenye ndoto nzuri namna ile hawezi kukosa maneno manne.

Hilo la nne, la kuomba radhi kwa mwali aliyegeuziwa njia, wachangiaji wengi wamelidai mitandaoni. Bibi alipoulizwa alikataa. Akasema mwali yule alishaolewa, ana mtoto, haya ya radhi yatamwaibisha bure. Anachotaka yeye klipu yao isikike.

Mjukuu ameshapinga dai rasmi. Kwa utaratibu wa YouTube anayedai ana siku 30 za kujibu: aachie, au ang'ang'anie. Akikaa kimya muda ukapita, dai linaanguka lenyewe. Siku zinahesabika, kijana ameziandika kwa chaki ukutani karibu na mlango, kila asubuhi anafuta moja.

Ya mwisho inaangukia Ijumaa. Jumamosi yake kikundi kina kazi, send-off, Mbezi Beach tena. Mteja alipiga simu mapema kuweka sawa ratiba, akaomba kitu kimoja: kina mama waje na ngoma zao, lakini wapige ule wimbo wa staa, wageni wanaupenda sana. Bibi akauliza ni upi huo. Mjukuu akamwimbia kiitikio kidogo, kwa aibu, maneno ya ndani akayaruka. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akamtuma akatafute maboksi makavu ya kuwashia moto, ngoma zikanzwe mapema.